Kabla Hujapakia Gunia la Kwanza

Same Mjini,
5 Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za gari zimenifikia. Mama yako alipita jana akitokea sokoni, akakaa nami barazani mpaka jua likapunga, na habari yake ilikuwa moja tu: mwanangu amenunua kirikuu. Amenisimulia ulivyoweka akiba misimu minne ya tangawizi, ulivyokataa kukopa, na ulivyokwenda Dar es Salaam mwenyewe kulichukua. Hongera sana. Nimelitazama gari hilo kwenye simu, nikalikuza mpaka nikaona nati za magurudumu. Ni gari zuri, na umelipata kwa jasho lako.

Umeniomba nikuchangie mambo matano: bampa la chuma, rimu pana, kuliinua gari inchi mbili, taa ndefu ya juu ya kabini, na spika. Sikujibu siku ile kwa sababu jibu langu halitoshi kwenye ujumbe wa simu. Mchango nitatoa. Ninachokuomba ni kwamba uniachie mimi nipange utumike wapi, na unisikilize kwa nini. Njia unayokwenda kufanyia kazi, ya Mwembe, Mbaga na Mamba Miamba mpaka kuteremkia Ndungu, nimeiendesha miaka 26. Naijua ikiwa vumbi, naijua ikiwa utelezi, na pana mahali katika njia hiyo ambapo hadi leo nikipita natoa kofia.

Unaijua ndiva. Babu zetu Wapare walipoona maji ya kijito hayatoshi shamba, walijenga bwawa dogo mlimani. Usiku maji yakaingia polepole, asubuhi wakafungua, na mfereji ukafika mpaka shamba la mwisho. Maji ya ndiva hukusanywa watu wakiwa wamelala na hakuna anayeyahitaji. Mtu anayekwenda kuijaza saa mahindi yanaponyauka amechelewa. Vifaa vya dharura vya gari ni hivyo hivyo. Utavinunua siku gari ni zima, njia ni kavu na mfuko una kitu, ili vikufae siku ambayo huna hata kimoja kati ya hivyo.

Kwanza lijue gari lako. Kirikuu ni gari la sheria ya Japani ya magari madogo: urefu usizidi mita 3.40, upana usizidi mita 1.48, injini isizidi sentimita za ujazo 660. Ya kwako ni 658. Mzigo wake halali ni kilo 350. Sikuandikii tarakimu hizi ili kulidharau. Mkulima wa Kijapani hulipitisha kati ya majaruba ya mpunga na bustani za matunda kila siku, na wembamba huo huo ndio utakaokufaa kwenye kona za Mbaga ambako Fuso inarudi nyuma mara tatu ndipo ipite. Gari dogo likiendeshwa kwa kipimo chake hupita pengi ambapo kubwa linakwama. Likidaiwa kazi ya gari kubwa, hapo ndipo hugeuka kaburi.

Sasa piga hesabu. Kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Hayo ni magunia ya haki. Lumbesa ya tangawizi mbichi unaijua ilivyo: kofia yake peke yake ni nusu gunia, na wakulima watakuambia ni gunia moja. Ukikubali lumbesa nne umeshavuka kipimo kabla hujafunga turubai. Nunua mizani ya kuning'iniza, uitundike nyumbani, ujue unachobeba. Na kila kilo ya chuma utakayochomelea kwenye gari inatoka kwenye hizo 350. Bampa zito la mbele na fremu ya nyuma ni kilo nyingi za tangawizi ambazo utaziacha shambani kila safari, mwaka hadi mwaka, na bado utalipia petroli ya kuzungusha chuma hicho milimani. Kwa hiyo bampa, hapana.

Kuliinua, hapana pia. Gari lenye upana wa mita moja na nusu kasoro husimama imara kwa sababu uzito wake uko chini. Likiinuliwa inchi mbili, kisha magunia yakapangwa kuzidi kabini, linakuwa kama mtu aliyejitwika ndoo huku amesimama kwa mguu mmoja. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Utaiona mahali barabara imeliwa na maji upande mmoja, gurudumu la kushoto likazama, na bonde likiwa upande huo huo. Rimu pana nazo zinaichosha injini ndogo, zinapunguza nguvu ya breki na zinakwaruza matao ya gari kila unapokata kona na mzigo. Waliolitengeneza walichagua gurudumu la inchi 12 kwa hesabu. Waachie hesabu yao.

Kitu cha kwanza utakachofanya ni breki. Vijana wengi wakinunua gari la mlimani huuliza kama linapanda. Mlima wetu hausumbui sana kwenye kupanda. Gari likishindwa kupanda litasimama, utatia jiwe nyuma ya tairi, utashusha magunia mawili, utaondoka. Linaloua ni kushuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na gari lako limekaa yadi na melini miezi mingi. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka yanapofika nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kikomo hicho huanguka mpaka nyuzi 140 hivi. Ukishuka kutoka Mamba ukiwa umekanyaga pedali kilomita baada ya kilomita, joto hilo unalifikia. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke hubanwa, pedali inazama mpaka kwenye zulia, na gari linaendelea. Mwambie fundi amwage yote, atie DOT 4 mapya kutoka kwenye kopo lililofungwa, atoe upepo magurudumu yote manne, afungue ngoma za nyuma akuoneshe kwa macho yako viatu vya breki vimebaki kiasi gani. Na ikifika miaka miwili, yabadilishe tena hata kama gari halijakusumbua.

Lakini mafuta mazuri hayatakusaidia kama miguu yako ina tabia mbaya. Kanuni yetu ya zamani ni fupi: shuka kwa gia uliyopandia. Acha injini ishike gari, breki uiguse uiachie, uiguse uiachie. Usitie frii, na kamwe usizime injini ili kuokoa petroli. Injini ikizimwa, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache na pedali inakuwa ngumu kama mwamba. Wapo niliowafahamu waliookoa nusu lita ya petroli kwa njia hiyo. Hawakufika Ndungu.

Cha pili ni matairi. Magari mengi ya aina yako hushuka bandarini yakiwa na matairi ya theluji. Tazama ubavuni: kama kuna mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, au neno SNOW, hayo yalitengenezwa kwa baridi. Mpira wake ni laini. Kwenye lami ya moto kati ya Same na Makanya utayeyuka kama sabuni. Tazama pia tarakimu nne zilizo ndani ya duara refu, mwisho wa herufi za DOT. Zikisomeka 2319 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hupasuka hata kama kashata zake bado ni ndefu. Weka matairi manne ya mzigo ya kipimo kile kile cha kiwandani, yenye meno ya tope, na spea ya tano iliyo sawa nayo. Upepo usiujaze kwa kubonyeza na kidole. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko chenye kipimo cha Kijapani, kPa. Fundi wetu wa pancha anatumia psi. Ukumbuke hivi: kPa 100 ni psi 14 na nusu, kwa hiyo ukiona 200 mwambie 29. Nunua geji yako mwenyewe. Bei yake haifiki ya debe la maharage.

Hujasahau ajali ya Juni 28 mwaka huu, pale Sabasaba hapa Same. Ilielezwa kwamba tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu, likagongana na Coaster, yote mawili yakawaka. Zaidi ya watu 35 walipoteza maisha, na wengi hawakutambulika kwa sura. Sisi tuliokuwa mjini siku hiyo hatuhitaji kusimuliwa. Nakutajia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tairi. Ya pili ni moto, na hapo ndipo ninapotaka uwe na mtungi wa kuzimia moto.

Kirikuu haina boneti. Injini imekaa chini ya viti, yaani chini yako. Waya ukichunika au bomba la petroli likivuja, moto unaanzia hapo. Mtungi mmoja wa poda wa kilo mbili hauzimi basi, lakini ndani ya dakika ya kwanza unazima waya unaoungua. Ufunge kwa mkanda mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa, si nyuma chini ya magunia. Kila mwezi tazama kama mshale uko kwenye kijani, ugeuze juu chini uutikise, maana poda hushikamana kwa mtikisiko wa barabara. Na kwa kuwa hakuna boneti, magoti yako ndiyo yanayotangulia ukigonga kitu. Mikanda ya viti ivutwe yote miwili, ikaguliwe, ifungwe hata kama unakwenda kisimani. Viti ni viwili, watu ni wawili. Juu ya magunia hakai mtu, hata akilia, hata akiwa mjomba wako.

Taa nakukubalia, ila si ile ndefu ya juu ya kabini. Wewe ni mtoto wa mlimani, unajua ukungu unaoshuka kutoka Shengena jioni. Taa ya juu inaupiga ukungu na kukurudishia mwanga machoni, unakuwa kama mtu anayetazama ukuta mweupe. Weka mbili za manjano, chini kwenye bampa, zikimulika kingo za barabara. Fundi azifunge kwa rilei na fyuzi zake. Usiruhusu waya uunganishwe kwa plasta tu, kwa sababu nimeshakueleza waya huo unapita chini ya nani. Kuhusu spika, hilo ni gari lako na jasho lako. Ninachojua ni kwamba breki inayosaga, beringi inayolia na jiwe linaloporomoka juu yako hutoa sauti kabla ya kutoa madhara, na dereva wa mlimani anaishi kwa masikio.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako analijua, lakini wewe sijawahi kukusimulia.

Mwanzoni mwa 1998, zile mvua za El Nino, nilikuwa naendesha Land Rover 109 ya tajiri mmoja wa hapa Same. Usiku mmoja nilikuwa nimelala juu huko Mamba, nikagongewa mlango. Mama mjamzito alikuwa ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, wamembeba kwa machela ya miti kutoka kitongojini. Nikawasha gari. Mume wake alikaa naye nyuma, mama mkwe akashika taa ya chemli. Hatukufika mbali. Kona ya tatu barabara ilikuwa imegeuka uji, gari likateleza kwa nyuma, gurudumu likaingia mtaroni, tukalala upande. Utingo wangu alikuwa hodari, alitia gogo haraka, tukabaki hapo. Sasa tujinasue. Sikuwa na kamba. Nilikuwa nayo wiki moja kabla, nikamwazima mtu, na sikuifuata. Sikuwa na sepetu. Betri ya tochi ilikuwa imekufa. Utingo alikimbia kijijini gizani kwenye mvua, akapiga yowe. Watu walitoka, wanaume kwa wanawake, na majembe na miti. Mmoja alileta kamba ya katani ya kufungia ng'ombe. Tulipoivuta ilikatika. Tukaisokota mara tatu, tukavuta tena. Gari lilipotoka mtaroni majogoo walikuwa wameshawika mara ya pili.

Tulifika hospitali bondeni kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sikulaumiwa na mtu. Yule baba alinishika mkono akaniambia asante dereva, umejitahidi. Nimekaa na asante hiyo miaka 27. Kamba ingekuwapo, tungekaa pale nusu saa.

Ndiyo maana orodha inayofuata sikuombi uifikirie. Nakuagiza.

Kamba ya nailoni ya kuvutia gari, nene, ya mita zisizopungua 10, pamoja na pingu mbili za chuma. Uifunge kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikwa na chesisi, kamwe si kwenye bampa wala kwenye vishikizo vya kufungia turubai. Ikiwa imekazwa, tandaza gunia lililolowa katikati yake, na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Kamba ikikatika hurudi kama fimbo ya radi. Na usimwazime mtu asiyekuwa mbele ya macho yako.

Sepetu fupi, jembe na panga. Mbao mbili ngumu, urefu wa mkono, za kutia chini ya magurudumu kwenye tope na kuwekea jeki, kwa maana jeki ya kiwandani ikiwekwa kwenye ardhi laini inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Vigogo viwili vilivyochongwa kama kabari, vya kuzuia tairi. Sisi tulikuwa na utingo wa kuvishika. Wewe abiria wako atajifunza kazi hiyo, na kabari zikae karibu na mlango wake. Minyororo ya matairi ukiipata ya kipimo chako, chukua. Kirikuu nyepesi ikifungwa minyororo hupita tope ambalo gari zito linaogelea.

Kuna kile kitufe cha kuvuta magurudumu yote manne, hiyo foowili mnayojivunia. Kibonyeze kabla hujaingia kwenye tope, sio baada ya kukwama. Ukirudi kwenye lami kavu kitoe. Kikiwa kimeshika, magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja, na kwenye kona kavu yanashindana mpaka yanavunja meno ya gia.

Spana za kipimo cha gari lako, plagi, fanbelti moja, fyuzi, waya, gundi ya pancha na pampu ya mguu. Maji lita 10, ya kunywa na ya rejeta. Injini ikichemka simama, zima, subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta. Anayefungua kizibo kikiwa cha moto anajimwagia maji ya moto usoni. Na kichujio cha hewa kikague kila juma. Vumbi la huku Same tambarare linaziba pua ya gari, kisha unalaumu mlima.

Tochi ya kuvaa kichwani, betri za akiba, filimbi, blanketi moja nzito na turubai. Blanketi si anasa. Mtu aliyeumia na akalowa usiku juu kule anauawa na baridi kabla ya jeraha. Sanduku la huduma ya kwanza lenye glavu, bandeji pana, pamba na mkasi. Ukikuta damu inaruka, weka kitambaa na ukandamize kwa mkono wote bila kuachia, usiwe unafunua kutazama. Nenda kwenye zahanati ya kijiji ukaombe wakufundishe asubuhi moja tu.

Viakisi viwili vya pembetatu. Desturi yetu ya kukata matawi na kuyaweka barabarani gari likiharibika ni nzuri mchana. Usiku matawi hayang'ai. Na ukishatengeneza gari, ondoa matawi, ondoa na kila jiwe uliloweka nyuma ya tairi. Jiwe unaloliacha wewe ndilo litakalomwangusha mtu wa pikipiki saa mbili usiku, na huenda akawa jirani yako.

Chaja ya simu ya kwenye gari, na namba hizi ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, zibandikwe ndani ya kabini: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, 115 kwa mjamzito na mtoto mchanga. Hiyo 115 ni ya mfumo wa m-mama, na kupiga ni bure. Ambulensi ikikosekana, wao huita madereva wa jamii waliosajiliwa, na dereva analipwa kwa simu. Kaulize wilayani utaratibu wa kusajiliwa. Kirikuu si gari la wagonjwa, na likipatikana jingine bora mgonjwa apande hilo. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba usiku wa mvua, kwenye vitongoji vingine, gari lililopo ndilo gari. Siku watakapokugongea mlango, nataka uwe na kamba.

Yapo mambo ambayo hakuna kifaa cha kuyashinda. Novemba 2009, huko huko Mamba Miamba, kijijini Goha, mlima uliporomoka usiku wa mvua ya vuli ukafukia nyumba na watu. Zaidi ya 20 walikufa. Vuli hii inaanza sasa. Ikinyesha siku mbili mfululizo, ukaona nyufa mpya juu ya barabara, miti imeinama au maji ya chemchemi yamekuwa na udongo, geuza gari. Mzigo utasubiri. Na huku chini, korongo likiwa kavu na jua linawaka usidanganyike: mvua imenyesha juu, maji yako njiani. Ukiyakuta yameshapita juu ya kitovu cha gurudumu, zima gari ukae upande ulipo uongee na wenzako. Barabara ya Kisiwani nayo inapakana na Hifadhi ya Mkomazi, na tembo huvuka. Ukimwona simama mbali, punguza taa, usipige honi, mwachie njia. Yeye na babu zake walipita hapo kabla yetu.

La mwisho. Vifaa vyote hivi havizidi watu. Usiku ule kilichotutoa mtaroni ni yowe na majembe ya watu waliokuwa wamelala makwao. Kijiji kikipiga mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa barabara, usitume mtu akuwakilishe kwa kuwa sasa una gari. Nenda wewe, tena uende wa kwanza, ubebe mawe na changarawe kwenye hiyo kirikuu bila kudai nauli. Mtu anayeziba mashimo na wenzake mchana hatakosa mikono usiku. Hiyo nayo ni ndiva, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Kamba nimeshainunua, mita 12. Kizima moto, viakisi na sanduku la huduma ya kwanza vipo hapa, nimevifunga kwenye kiroba nikaandika jina lako. Kabari nimezichonga mwenyewe kwa mkaratusi. Fedha za matairi na breki ninazo mkononi, na fundi nimeshamweleza kwamba utakuja. Njoo Same na gari likiwa tupu, wiki hii, mvua haijashika. Usipakie hata gunia moja kabla hujafika hapa.

Msalimie mama yako na wadogo zako wote. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi mjomba wako,
Same